Safu ya Ushauri: Binti wa miaka minne na nusu na njia ya kwenda Irente

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Tanga. Mimi ni mama wa binti mmoja wa miaka minne na nusu, na ninaandika kwa sababu mimi na mume wangu tumeshindwa kuelewana juu ya jambo ambalo kwa wengine huenda likaonekana dogo. Mume wangu ni Msambaa aliyezaliwa na kukulia Lushoto, na wazazi wake bado wanaishi huko. Likizo ya mwezi wa sita tumepanga kwenda kuwasalimia kwa juma moja, naye amekwisha kuamua kwamba kesho yake baada ya kufika tutatembea kwa miguu, sisi watatu, kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente na kurudi, na siku inayofuata tuingie msitu wa Magamba. Anasema kwamba yeye katika umri huo alikuwa akipanda na kushuka milima kila siku akimfuata bibi yake shambani, na kwamba mtoto wa mjini hufundishwa uvivu mapema.

Mimi sipingi matembezi. Tatizo ni kwamba mtoto wetu hatembei kama tunavyotembea sisi. Mwaka jana tulipokwenda naye Mapango ya Amboni alisimama kwenye kila jiwe na kila msafara wa sisimizi, kisha ghafla akakaa chini na kukataa kabisa kuendelea. Baba yake akasema amedekezwa, mtoto akalia, na sote tukarudi nyumbani tumenuna. Mama mkwe ameshauri nimwachie yeye mjukuu wake ili sisi wawili twende peke yetu, lakini mume wangu hataki kusikia hilo, na mimi naona aibu kuonekana nampinga mmoja wao.

Lipo na jambo jingine. Nilipokuwa mjamzito nilipimwa nikaambiwa kwamba nina chembe za selimundu ingawa siumwi. Mume wangu hajawahi kupima, wala mtoto hajapimwa. Jirani yangu amenitisha kwa kusema kwamba watu wenye damu ya namna hiyo hawaruhusiwi kupanda milima. Na juu ya yote, mume wangu anasema mtoto akifika miaka saba atampeleka kileleni Kilimanjaro. Je, hofu yangu imezidi? Mtoto wa umri huu anaweza kutembea umbali gani mlimani, na nijiandae vipi?

Mama mwenye wasiwasi, Tanga

JIBU

Mama, nakushukuru kwa barua yako iliyoeleza mambo kwa utulivu. Nitaanza na jambo uliloliweka karibu na mwisho, kwa sababu katika yote uliyoyaandika hilo ndilo pekee linaloweza kuubadili mpango mzima. Mengine yote ni ya kupangwa tu.

Mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu, kama wewe, kwa kawaida haumwi ugonjwa huo na huishi maisha yake kama watu wengine. Anayeumwa ni yule aliyerithi kasoro kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Maana yake ni kwamba ikiwa mume wako hana kinasaba hicho wala kingine cha jamii yake, binti yenu hawezi kuwa mgonjwa, bali huenda akawa kama wewe au asiwe na chochote. Lakini ikiwa baba naye anacho pasipo kujijua, basi katika kila mimba mnayopata kuna uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa kamili. Kwa mtoto wa namna hiyo baridi, upungufu wa maji mwilini na uchovu uliopita kiasi ni vichochezi vinavyojulikana vya maumivu makali ya mifupa na viungo, na safari ya kutoka katika joto la Tanga kwenda kutembea mlimani katika baridi ya mwezi wa sita inaweza kuvikusanya vyote vitatu kwa siku moja. Binti yako amefika miaka minne na nusu bila dalili yoyote uliyoitaja, na hiyo ni ishara njema, ila si kipimo. Mpeleke hospitali kabla ya kukata tiketi, uombe apimwe selimundu, na mume wako apimwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa jibu lake litawafaa hata kwa watoto mtakaojaliwa baadaye.

Jirani yako amechanganya mambo mawili. Mtoto akionekana kuwa na chembe tu, kama wewe, hakuna sababu ya kumzuia kwenda Lushoto, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 1,400 tu. Atahitaji kunywa maji mara kwa mara na kutolazimishwa, mambo ambayo mtoto yeyote anayahitaji. Akionekana kuwa na ugonjwa wenyewe, bado safari ya kuwasalimia babu na bibi haifutiki, bali mpango unapaswa kupita kwanza mikononi mwa daktari anayemhudumia, na Irente mtafika kwa gari, mtoto akiwa amevaa nguo za kutosha. Vimo vikubwa kama vya Kilimanjaro ni suala jingine kabisa kwa mgonjwa wa selimundu, na hapo hofu ya jirani yako ina msingi.

Sasa niseme juu ya umbali, nikichukulia kwamba vipimo vitarudi salama. Kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa Irente ni kilomita 6 hadi 7 kutegemea mahali mnapoanzia, njia ikipanda taratibu kupitia makazi ya watu na mashamba. Kwa mtu mzima ni matembezi ya kawaida ya asubuhi. Kwa mtoto wa miaka minne na nusu, ambaye kwa maoni yangu akipewa nafasi ya kusimama na kutazama atakwenda kilomita moja na nusu, au mbili akiwa na bidii, kwa saa moja, kwenda na kurudi ni kazi ya siku nzima ambayo hataimaliza. Mimi ningempangia jumla ya kilomita tatu, au nne ikiwa njia ni nzuri na amelala vizuri, na ningehesabu kilomita za kurudi kuwa ni zake pia, jambo ambalo wazazi wengi hulisahau hadi wanapokuwa wamefika mwisho wa njia. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba hofu yako haijazidi kuhusu urefu wa njia, ingawa imezidi kidogo ikiwa ilikuwa inakusukuma kumwacha mtoto nyumbani.

Irente yenyewe inawezekana vizuri sana kwa mpango mwingine. Kodini gari liwafikishe hadi lilipo shamba la Irente, mahali panapojulikana kwa jibini, mkate na jamu zinazotengenezwa hapo hapo, kisha mtembee kipande kilichobaki hadi ukingoni, ambacho mguu wa mtoto unakimudu. Mkirudi mnapumzika hapo shambani, mnakula, na gari linawarudisha mjini. Mume wako akiona kwamba kupanda gari ni kujidhalilisha, basi yeye aondoke mapema kwa miguu peke yake na mkutane shambani. Nafikiri atafurahi kuliko anavyodhani. Pikipiki isiwe njia ya mkato, hata kama wenyeji wanaitumia kila saa, kwani kanuni za usafirishaji nchini zinakataza bodaboda kupakia mtoto aliye chini ya miaka tisa, na barabara za milimani zinaonyesha sababu yake.

Kuhusu lile la Amboni, sikubaliani na neno la kudeka. Mtoto mdogo hapungukiwi nguvu polepole akatoa taarifa kama mtu mzima. Hucheza na kukimbia hadi dakika ya mwisho, kisha huishiwa ghafla, na anapokaa chini mara nyingi maana yake ni njaa, kiu, usingizi au kiatu kinachombana. Kumkaripia wakati huo hakumpi nguvu ambayo hana. Kinachosaidia ni kumlisha kidogo kidogo kabla hajaomba, kupumzika kabla hajachoka, na kumwachia yeye aongoze mwendo, aliye mbele akiwa ndiye mfupi kuliko wote. Vile vituo vyake kwenye kila jiwe ndiyo matembezi yenyewe kwa upande wake. Milima ya Usambara ina vinyonga wa aina zisizopatikana kwingine duniani, na mtoto anayetembea taratibu akitazama vichaka ana nafasi kubwa ya kuwaona kuliko baba yake anayekimbilia ukingoni. Atazame tu bila kumshika wala kumtoa kwenye tawi lake.

Hoja ya mume wako juu ya utoto wake mwenyewe ni ya kweli, lakini nadhani kumbukumbu imemwachia nusu ya habari. Mtoto aliyekuwa akimfuata bibi yake shambani aliifuata njia ile ile kila siku tangu alipojua kutembea, alizoea hewa na mteremko wa kwao, alipofika shambani alilala kivulini wakati bibi akilima, na sehemu ya njia bila shaka aliipita akiwa kwenye mbeleko. Binti yenu anatoka usawa wa bahari na atakuwa amefika jana yake tu. Muulizeni mama mkwe, mbele ya mume wako na kwa heshima zote, ni lini hasa kijana wake aliacha kubebwa. Jibu la mama yake atalisikiliza kuliko langu.

Hapo ndipo ninapouona mchango mkubwa wa mama mkwe wako, kuliko kumlinda mjukuu nyumbani. Akiweza na akipenda, aje nanyi hadi shambani Irente kwa gari. Mtoto akichoka kabla ya kufika ukingoni, mmoja wenu anarudi naye kwa bibi yake, na mwingine anaendelea. Hakuna atakayeshindwa katika mpango huo, na wewe hutakuwa umempinga mtu.

Mbeleko nayo msiiache. Mtoto wa umri huu huwa na uzito wa karibu kilo 16 au 17, mzigo ambao mtu mzima mwenye afya anaumudu kwa vipande vifupi akiufunga vizuri mgongoni kwa kanga nene au kitenge. Mwiko ni kumpandisha mabegani kwenye njia ya mteremko, kwa kuwa uzito unapokuwa juu ya kichwa chako kuteleza kidogo kunakuwa anguko la wote wawili, na mtoto ndiye anayeanguka kutoka juu zaidi. Kushuka kuna hatari kuliko kupanda, maana miguu imechoka na watu wameanza kuzungumza habari za chakula. Tena anayebeba hupata joto na kutoka jasho huku anayebebwa akikaa kimya na kupoa, kwa hiyo usikisie hali ya mtoto kwa mwili wako. Mguse shingo na tumbo, umfunike miguu, na kila baada ya muda umshushe atembee hatua chache.

Baridi ya Lushoto inawashangaza watu wa pwani kila mwaka. Kwa kawaida hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na miezi ya Juni na Julai ndiyo ya baridi zaidi huko, usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 kwa urahisi na asubuhi ikianza na ukungu. Mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa. Mvalishe nguo nyepesi kadhaa zinazovulika moja moja badala ya koti moja zito: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, na juu yake koti jepesi la mvua, pamoja na kofia inayoziba masikio. Jua likitoka, avue sweta lakini abaki na kofia ya kukinga jua, kwani mlimani linachoma hata hewa ikiwa ya ubaridi. Beba seti kamili ya nguo kavu, ikiwemo chupi na soksi, ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu viwe raba zenye soli inayoshika, alizokwisha kuzivaa nyumbani kwa majuma kadhaa; ndala na viatu vipya vya likizo vibaki kwa bibi.

Chakula kisikupe shida: ndizi, maandazi, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai yenye maziwa ya moto na maji ya kunywa mliyotoka nayo nyumbani. Karanga nzima usimpe, hasa akiwa anatembea, kwa kuwa watoto walio chini ya miaka mitano hupaliwa nazo kirahisi. Vijito vya huko vinapendeza macho, lakini vingi vinapita katikati ya mashamba ya mboga yanayopuliziwa dawa, kwa hiyo mtoto asinywe humo hata kama wakubwa wa kijijini wanakunywa.

Nimeacha ukingo wa Irente hadi hapa ili niuseme peke yake. Ni mwamba unaokatika na kushuka takriban mita 1,000 hadi tambarare ya Mazinde na mashamba yake ya mkonge, na siku ya anga safi mtu anaiona nyika hadi macho yachoke. Kwa mtoto mdogo, hapo ndipo palipo na hatari ya kweli ya siku nzima, si kwenye zile kilomita. Msitegemee kizuizi chochote. Kabla hamjafika, mkiwa bado njiani, amueni kwa kutaja jina ni nani anayemshika mtoto, naye amshike kwenye kifundo cha mkono na si vidole, asimwachie hadi mtakapokuwa mmeondoka mbali na ukingo. Wawili wanapomwangalia mtoto kwa pamoja, kila mmoja huamini kwamba mwenzake ndiye anayemwangalia. Mwenye simu ya kupiga picha asiwe yule aliyemshika mtoto, na asiwepo anayerudi nyuma kinyumenyume kutafuta pembe nzuri. Kaeni chini, mbali na ukingo, mkitazama mkiwa mmeketi. Kukiwa na ukungu mzito, msiende ukingoni kabisa: hakuna mtakachokiona, na pasipoonekana ndipo palipo na shimo.

Ondokeni mjini kama saa tatu na nusu, ukungu ukianza kuinuka, na wekeni saa ya kurudi kabla hamjaondoka, tuseme saa saba mchana mwanzo wa njia ya kurudi, mkiwa mmefika au hamjafika. Saa hiyo ikishakubaliwa na wote nyumbani, mume wako hatakuwa na haja ya kubishana na wewe mbele ya mtoto. Kama hamna mwenyeji wa njia, ofisi za utalii wa kitamaduni zilizopo Lushoto mjini hutoa waongozaji wanaozijua njia hizo vizuri. Mwambieni mapema kwamba mwendo ni wa mtoto. Binti naye apewe filimbi shingoni na maelekezo mafupi, kwamba asipowaona wazazi asimame hapo hapo, ashike mti na kupuliza.

Magamba kesho yake ningeifuta. Msitu huo wa hifadhi, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, uko juu zaidi ya mji, una unyevu, utelezi na siafu, na mtoto aliyetembea jana anahitaji siku ya kucheza uani kwa babu. Uwekeni mwishoni mwa juma, kwa saa moja au mbili tu, kandokando ya msitu ambapo mnaweza kuwaona mbega kwenye miti bila kupanda popote; mtoto avae suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi. Hata ile siku ya kwanza ya Irente ningeisogeza mbele kwa siku mbili, kwa sababu barabara ya kilomita 33 kutoka Mombo ina kona zinazowatapisha watoto wengi, na aliyefika ametapika hatakuwa na nguvu asubuhi yake. Kimo cha Lushoto hakitamdhuru mtoto mwenye afya. Maradhi ya mwinuko kwa kawaida huanza kuwasumbua watu kuanzia mita 2,500 hivi, ambako ninyi hamfiki.

Ambako mume wako anataka kufika siku moja ni Kilimanjaro, na huko hatuna haja ya kubishana. Hifadhi imeweka miaka 10 kuwa umri wa chini wa kupanda kuelekea kileleni, kwa sababu nzuri: mtoto mdogo hawezi kueleza kwamba kichwa kinamuuma kwa namna isiyo ya kawaida, naye hulia tu, hukataa chakula au hulala, dalili ambazo mzazi huzidhania kuwa ni uchovu. Miaka saba aliyoitaja basi haitoshi, na ana zaidi ya miaka mitano ya kumzoesha binti yake Lushoto kila likizo, kipande kimoja cha njia baada ya kingine.